Mpunga wa Sindano

Balagizi alimpiga mwanawe kwa kamba ya kufungia magunia mpaka mkono wa kulia ukamchoka, kisha akahamishia kamba mkono wa kushoto akaendelea. Muhigirwa hakulia. Alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya jiko, magoti yamegusa kifua, na kila kamba ilipotua mgongoni alisema neno lile lile: "Zima. Zima. Zima." Hakuwa anaongea na baba yake. Alikuwa anaongea na mashini ya kukoboa mpunga iliyokuwa inanguruma kule chini Bugarama, ambayo kwa masikio yake ilikuwa inamwita kwa jina.

"Muache!" Nabintu alipiga kelele akiwa mlangoni. "Papa Muhigirwa, utamuua mutoto!"

"Mutoto?" Balagizi akageuka. Mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba na damu imekauka kwenye ndevu; asubuhi ile Muhigirwa alikuwa amemgonga na mchi na kumng'oa jino. "Mutoto ya wapi anang'oa baba yake jino?"

"Iko mugonjwa."

"Mugonjwa! Nimewahi kuugua malaria mara ngapi mimi? Ulishaona ninapiga muntu?"

Nabintu aliingia katikati yao. Kamba ilikuwa tayari iko hewani na haikurudi. Ilimpata shavuni, ikaacha mstari uliofura palepale. Hapo ndipo Balagizi alipoiangusha. Hakuiangusha kwa huruma peke yake. Nje, kando ya uzio wa mihogo, majirani walikuwa wamesimama, wengine wamebeba watoto ili waone vizuri.

"Leo mchana banakutana kwa uwanja," Nabintu alisema, mkono shavuni. "Nitaomba mpunga ya ingobyi. Tumununulie muuguzi Eugénie esansi ya piki yake arudi na sindano."

"Utajiaibisha."

"Aibu gani imebakia?"

Balagizi alitema mate yenye damu, akatoka kupitia mlango wa nyuma ili asipite mbele ya watu.

*

Kwenye kilima kile, kila nyumba ilipeleka debe moja la mpunga baada ya mavuno kwa chama cha ingobyi. Ingobyi ni machela ya mianzi iliyosukwa, yenye miti miwili mirefu. Wanaume wanne wanaiweka mabegani na kumshusha mgonjwa mpaka barabarani, wakipokezana, mvua au jua. Mpunga ule ulinunua miti mipya, kamba, sabuni ya kuoshea damu, na chakula cha wabebaji. Nyumba isiyotoa debe haibebwi. Ikifiwa, hakuna anayekuja na jembe. Balagizi na Nabintu walikuwa wametoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Bukavu, na tangu wapate shamba la mpunga pale chini hawajawahi kuacha kutoa.

Watu walikusanyika kwenye uwanja wa saruji wa kuanikia mpunga. Nsabimana, prezida wa chama, aliketi juu ya gunia. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ndogo, ambaye hakuwahi kuipandisha kwa kuwa wengine walinyamaza wenyewe alipofungua mdomo. Eugénie naye alikuwepo, muuguzi wa magonjwa ya akili. Alikuwa amepanda lori la mpunga kutoka Kamembe, na sketi yake nyeusi ilikuwa nyeupe kwa vumbi la pumba.

"Mimi mshahara ningali ninapata," Eugénie aliwaambia. "Piki ninayo. Ni ule mradi uliokuwa unatoa esansi, na kununua dawa pale inapokosa, ndio ulikwisha. Nilikuwa ninakuja kila mwezi, ninachoma sindano, ninakaa na bale bavijana tunaongea. Sasa mumeona. Kwa kilima cha pili mmoja alichoma nyumba, iko gerezani. Mwingine alipiga mwalimu, tribinali inamungojea. Bote nilikuwa ninawajua. Bote walikuwa wanalima vizuri wakati walikuwa wanapata dawa."

"Ni kweli," alisema mtu mmoja nyuma, kwa sauti ya chini.

Nabintu alisimama. Alikuwa amejifunga kitambaa chini ya kidevu ili kufunika shavu, lakini jicho la upande ule lilikuwa limeanza kuziba.

"Siombi yangu peke yangu," alisema. "Ninaomba debe za mavuno hii tutoe kidogo kwa esansi na kwa dawa. Muhigirwa iko mugonjwa. Ingobyi ni ya bagonjwa."

Nsabimana alitikisa kichwa polepole. "Maman Muhigirwa, ingobyi inabeba muntu asiyeweza kutembea. Kijana yako juzi alifika Ruhwa kwa mpaka na akarudi kwa miguu."

Watu wakacheka. Harelimana, mlinzi wa uwanja, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga kipande cha bati siku nzima ili kufukuza ndege, aliona kicheko kimechanganya akakiongezea kuni.

"Tena bila viatu! Prezida, tumuandikishe kwa mbio. Atuletee kombe."

"Alitupia batoto yangu mawe huyo mukimbiaji," alidakia Uwamahoro, mke wa Harelimana, yeye bila kucheka.

"Ndiyo sababu ninaomba," Nabintu alisema. "Kabla hajaua muntu."

"Muntu akipiga bantu kuna lapolisi," Nsabimana alisema. "Kuna tribinali. Kila kitu iko na mahali yake. Wewe, Maman, ukigonjwa, tutakubeba mpaka chini, hata mimi nitaweka bega. Lakini mashetani hatubebi."

"Papa Muhigirwa anasema nini?" mtu aliuliza.

Vichwa vikageuka. Balagizi alikuwa amekaa mwisho kabisa, mkono umefunika mdomo kama mtu mwenye jino linalouma. Alitazama kidole gumba cha mguu wake.

"Mimi siko na la kusema."

Nabintu alirudi kwenye mkeka. Mahali pake palikuwa pamekaliwa na hakuna aliyesogea. Alisimama mpaka mkutano ukaisha, anazungusha punje za rozari ndani ya mfuko wa sketi, na alipofika kwenye "utusamehe makosa yetu" akajikuta hawezi kuvuka, akarudi mwanzo.

*

Kesho yake asubuhi Muhigirwa aliamka mtulivu. Aliomba maji. Alimwita mama yake "Maman", neno ambalo hakuwa amelitamka tangu mvua zianze. Mama yeyote angefanya alichofanya Nabintu. Alimfungua kamba, akamwosha mgongo pale kwenye majani ya migomba, akilowesha kitambaa na kukibandua taratibu mahali ngozi ilipochanika.

"Inauma?"

"Kidogo."

"Kunywa uji."

Alikunywa. Alikuwa na miaka kumi na minane na mikono mirefu ya mtu wa kupanda mpunga. Kabla ya ugonjwa, hakuna aliyempita kwa kunyoosha mistari ya miche ndani ya maji. Nabintu alianza kusema Salamu Maria kwa sauti, naye Muhigirwa akamfuata maneno, na kwa muda huo mdogo kulikuwa na nyumba ya kawaida.

Halafu kule uwanjani Harelimana akaanza kupiga bati.

Kikombe kilianguka. "Ni yeye," Muhigirwa alisema. "Si mashini. Ni yeye anaipa jina langu."

"Anafukuza ndege, mutoto yangu. Kaa. Ni ndege tu—"

Alimsukuma akaangukia jiwe la kusagia, na alipoinuka mwanawe alikuwa amekwisha ruka uzio wa mihogo. Nabintu alikimbia nyuma yake akiita majina ya watakatifu na majina ya majirani, yote pamoja.

Harelimana alimwona anakuja. Wanawake waliokuwa wanageuza mpunga kwa reki za mbao nao walimwona, na mmoja akapiga yowe. Harelimana angeweza kutupa bati na kuondoka. Lakini jana tu alikuwa amechekesha watu wazima wote wa kilima, na utamu wa jambo lile ulikuwa bado kinywani. Alilipiga bati kwa nguvu zaidi.

"Njo, mukimbiaji! Tuone hiyo mbio!"

Kulikuwa na mundu uliochomekwa kwenye gunia. Muhigirwa aliuchomoa akipita, bila kuuangalia, kama mtu anayechukua kofia yake. Pigo la kwanza lilitua kwenye bati na kulikunja. La pili lilimpata Harelimana juu ya goti, likavutwa kuelekea chini jinsi mundu unavyovutwa kwenye bua, na nyama ikafunguka mpaka weupe ukaonekana. Harelimana alitazama mguu wake kwa mshangao mkubwa. Alikaa chini juu ya mpunga. Damu ilikwenda mbali kuliko mtu angefikiri, ikinywewa na punje, na Muhigirwa aliendelea kulipiga bati pale sakafuni, akilikatakata, "Zima, zima," wala hakumgusa Harelimana tena.

Walimfikia na reki. Wa kwanza alimpiga mgongoni, wa pili kichwani, halafu haikuwezekana tena kujua nani na nani. Wanaume walipanda kutoka mashambani na matope miguuni. Jiwe lilimpasua juu ya jicho. Nsabimana, mtu wa sauti ndogo, alishika mpini wa reki kwa mikono miwili na kuushusha kwenye ugoko wa kijana, na mlio wake walioko mbali waliusikia. Nabintu alijilaza juu ya mwanawe. Walimpiga naye mara kadhaa kabla ya kujua ni mwanamke, na mara moja baada ya kujua.

"Basi! Basi! Mutaua na mama!" mtu mmoja alipiga kelele.

Waliporudi nyuma, walikuwa wanahema kama watu waliotoka kupanda mlima. Uwamahoro alikuwa amefunga mguu wa mumewe kwa kitenge chake mwenyewe na kubaki na sketi ya ndani. Ingobyi ililetwa mbio, wakamweka Harelimana.

Nabintu alijiinua kwa viwiko. Damu yake na ya mwanawe zilikuwa zimechanganyika usoni.

"Prezida. Sasa naye hatembei."

Nsabimana aliangalia ule mguu, ambao ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Mpini wa reki ulikuwa bado mkononi mwake. Aliuweka chini.

"Ingobyi iko moja, Maman," alisema, na akaweka bega lake chini ya mti wa mbele wa machela.

Ingobyi ikaondoka. Hakuna aliyebaki karibu na wale wawili sakafuni, ila Balagizi, ambaye alikuwa amefika na mikono juu ya kichwa, na hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Alizunguka. Alianza kwenda, akarudi. Mwisho akachuchumaa akatega mgongo wake mbele ya mkewe.

"Mupandishe."

Alimbeba mtoto wa miaka kumi na minane mgongoni kama anavyobebwa wa miaka miwili, njia yote ya kushuka, umbali mfupi nyuma ya ingobyi. Kila mara mguu uliovunjika ulipogonga nyonga yake, Muhigirwa alimuuma begani. Balagizi hakumwambia aache.

*

Kwenye kituo cha afya, ambacho kila mtu anakiita sante, waliwalaza kwenye chumba kimoja kwa sababu vyumba havikuwa vingi. Harelimana alishonwa. Muhigirwa alitiwa plasta, na mkono wake wa kushoto ukafungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Polisi aliyeifunga alikuwa kijana mwenye adabu, aliyevua kofia mbele ya Nabintu.

"Maman, nitakuambia kweli," alisema. "Hii ni kukata muntu na chuma. Iko na miaka kumi na minane, kwa hiyo ni tribinali ya bakubwa na gereza ya bakubwa. Lakini kama kuna muganga anayesema huyu ni mugonjwa wangu, ninamutibu, nitamuona kila mwezi, mimi ninamuacha mikononi mwa muganga. Bakubwa wangu wanakubali hivyo. Kama hakuna, plasta ikitoka, anatoka na mimi."

Nabintu alimgeukia Eugénie, aliyekuwa ameitwa. Eugénie alisugua macho.

"Siwezi kusema ninamutibu na simutibu. Dawa hapa haiko. Hata nikitafuta sindano moja nikimuchoma leo nisirudi, mwezi kesho ni hivi hivi, na mimi nimedanganya lapolisi. Nipate esansi, nitasema, na nitaweka mkono wangu."

Hilo ndilo lilikuwa sharti lake, na hakukuwa na mlango mwingine. Nabintu alifanya kile ambacho hakutaka kufanya. Alipika uji wa soya, akautia sukari yote iliyokuwa ndani ya nyumba, akaupeleka kwenye kitanda cha Harelimana akapiga magoti, kwani akisema aliyekatwa, chama kitasikiliza.

Uwamahoro aliupokea ule uji kwa mikono miwili, kwa heshima, akaumwaga juu ya miguu ya Nabintu. Ulikuwa wa moto. Nabintu alishika ukingo wa kitanda asipige kelele.

"Nenda ukamupe yule mbwa wako," Uwamahoro alisema. "Mume yangu halilii uji. Analilia mguu."

"Uwamahoro," Harelimana aliita.

"Nini? Unamuhurumia?"

"Hapana." Alikuwa ana homa, midomo imekauka. Alimtazama yule polisi aliyekuwa mlangoni. "Afande. Akienda gerezani, atarudi?"

"Kila muntu anarudi. Miaka tu."

"Kule banatibu kichwa?"

Polisi alicheka kidogo. "Papa, gereza si hospitali."

"Kwa hiyo atarudi vilevile."

"Pengine mubaya kuliko."

Harelimana aligeuza kichwa. Kitanda cha pili Muhigirwa alikuwa anazungumza na pingu. Mtu wa mzaha akinyamaza, wanaomjua wanaogopa, na Uwamahoro aliweka bakuli chini.

"Atarudi kwao," Harelimana alisema. "Kwao ni pale juu ya uwanja. Mimi nitakuwa palepale na bati yangu na mguu mumoja, siwezi hata kukimbia. Niitieni Nsabimana."

Nabintu alianza kumshika mkono. Aliuondoa.

"Usinishukuru, Maman. Mimi simusamehe. Ningekuwa na mguu ningeinuka nimupige hata na hiyo pingu. Sitaki tribinali, sitaki uji. Ninataka achomwe sindano."

*

Jumapili baada ya misa watu walikutana tena uwanjani. Saruji ilikuwa imeoshwa, lakini damu ilikuwa imeacha alama ya rangi ya chai, na watu waliizunguka bila kuambiwa. Harelimana aliletwa kwa ingobyi na kuwekwa kwenye kiti. Alizungumza kifupi, kwamba mpunga ununue sindano, na hakufanya mzaha. Nsabimana naye alizungumza. Alisema mpunga ni wa miguu na migongo na kina mama wanaojifungua. Kwamba leo ni kichwa cha Muhigirwa, kesho mlevi naye atasema ana kichwa. Hayakuwa maneno ya mtu mbaya, na wengi waliitikia.

"Basi tupange mstari," alisema. "Anayetaka mpunga uende kwa sindano, nyuma ya Harelimana. Asiyetaka, nyuma yangu."

Ndivyo wanavyoamua mambo kule. Hakuna karatasi. Unatoka mahali ulipo, mbele ya macho ya wote, unakwenda kusimama nyuma ya mgongo wa mtu, na jioni ukirudi nyumbani kila mtu anajua mgongo uliouchagua.

Uwamahoro alitoka wa kwanza. Alipita mbele ya mumewe bila kumtazama, akasimama nyuma ya Nsabimana.

"Leo utajipikia!" mtu alimtania Harelimana, na watu wakapata nafasi ya kucheka.

Nabintu alikwenda nyuma ya kiti cha Harelimana, peke yake. Wanaume wa reki, mmoja mmoja, walikwenda upande wa Nsabimana, na wake zao baada yao. Halafu Balagizi akainuka. Mdomo ulikuwa umepona lakini pengo lilionekana. Alitembea akiangalia chini, akafika katikati ya mistari miwili, akageukia kwa Nsabimana.

Hata Nsabimana alishtuka. "Papa Muhigirwa, umekosea mstari."

"Sikukosea." Aliwageukia watu. "Munaniangalia nini? Ninyi munalala. Mimi ninasikiliza anavyopumua. Nikiamka ninahesabu bisu kabla ya kuomba. Nilimubeba, mumeniona nikimubeba. Mara hii nimechoka. Gerezani angalau kuna ukuta kati yake na mama yake."

Hakuna aliyecheka. Nabintu alimtazama mumewe kutoka ng'ambo ya saruji, naye hakuwa na hasira. Alikuwa anaijua ile hesabu ya visu. Aliwahi kuifanya mwenyewe, akidhani mwenzake amelala.

Mstari wa Nsabimana ulikuwa unakwenda mpaka mlango wa ghala. Nyuma ya Harelimana kulikuwa na mama mmoja mwenye jicho lililovimba na nafasi tupu. Lakini watu wengi walikuwa bado wamekaa. Nsabimana alisubiri. Walitazamana pembeni, wakajifanya wanafunga viatu, wanafuta watoto pua. Na hapo ndipo wenye kuangalia walipoanza kuelewa kwa nini hawainuki.

Mama mmoja mwenye shamba kando ya mfereji ndiye aliyevunja. Bintiye, aliyesemekana anasoma Bujumbura, hakuwa ameonekana muda mrefu. Alisimama, akavuka, akajiweka nyuma ya Nabintu na kufunika uso kwa kitenge. Hakuna aliyemuuliza kuhusu Bujumbura. Akafuata mzee aliyekuwa na chumba cha nyuma chenye kufuli. Akafuata fundi baiskeli ambaye mdogo wake alikuwa "anafanya kazi Bukavu". Walivuka polepole, kila mmoja akiacha siri yake katikati ya saruji, na kila aliyevuka alimrahisishia anayefuata. Mtu mmoja alitoka kwenye mstari wa Nsabimana, kutoka katikati yake kabisa, akiwa na mkewe anamvuta shati, akavuka naye. Walikuwa na mapacha ambao hakuna aliyewaona nje siku nyingi.

Haikuwa lazima kuhesabu. Mstari wa Harelimana ulipinda kwenye kona ya uwanja na kuendelea.

Nsabimana aliutazama mpaka mwisho. "Sikujua," alisema.

"Ungejua wapi?" yule mzee wa kufuli alimjibu. "Tulikuwa tunacheka na wewe."

*

Eugénie alirudi siku ya soko, piki imejaa esansi ya mpunga wa kilima. Aliwekewa meza ndani ya ghala. Nje walikuwa wamekaa wale waliokuwa wamefichwa, wengine macho yameumizwa na jua, kila mmoja na mtu wake amemshika mkono. Polisi alikuja, akamsikia Eugénie akisema mbele ya wote kwamba Muhigirwa ni mgonjwa wake, akafungua pingu, akaiweka mfukoni.

"Nitapita mwezi kesho kuuliza," alisema. "Na kila mwezi."

Muhigirwa alipoona sindano alipigana. Alimrusha mwanaume wa kwanza kwenye magunia. Mguu wa plasta uliipiga meza, chupa zikavunjika, na Eugénie akarudi ukutani amekumbatia kisanduku cha dawa kama mtoto. "Munaniua! Maman, bananiua!" Fundi baiskeli alishika mkono mmoja, mwanaume wa mapacha akashika wa pili. Nabintu alishika kichwa, paji la uso juu ya paji la uso, anasema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia.

"Mguu!" Eugénie alipiga kelele. "Nani anashika mguu muzima?"

Balagizi alikuwa mlangoni. Tangu Jumapili hakuna aliyemsemesha, hata mkewe. Alikuwa amekula mihogo baridi na kulala kwenye kibanda cha mbuzi. Aliingia. Alijilaza kwa uzito wake wote juu ya paja la mwanawe, na Muhigirwa akajikunja akamuuma mkono, akaushikilia kwa meno, damu ikatoka.

Mkono wa pili wa Balagizi ukapanda juu, ngumi imefungwa. Wote waliuona. Ulikaa juu.

"Papa Muhigirwa," Eugénie alisema, sindano tayari, "shika tu. Hakuna kingine ninachokuomba. Shika."

Ngumi ikafunguka. Ukashuka mkono, ukashika goti.

Sindano iliingia. Kelele ziliendelea, zikapungua, zikawa kulia kwa kawaida, kulia kwa mtu aliyeumia. Baada ya kitambo meno yakaachia. Wanaume wakainuka, mmoja akachechemea kwenda nje kuvuta hewa, na Eugénie akaanza kuokota vigae vya chupa ili amwite anayefuata. Muhigirwa alikuwa amelala, kinywa wazi, mate yanamtoka, kichwa mapajani mwa mama yake.

Balagizi alikuwa bado amelala juu ya mguu.

"Muachilie," Nabintu alimwambia. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu Jumapili. "Amelala."

"Na nikimuachilia je?"

Nabintu alifungua kitambaa chake cha kichwani, akauvuta mkono wa mumewe uliong'atwa, akaanza kuufunga. Mkono wake mwingine Balagizi hakuutoa gotini.